Mwaka wa Tumboni

Ulsan, 3 Novemba

Mama,

Ofisi ya kata wamenitumia nakala ya ile karatasi waliyokuletea. Najua umeikunja ukaisukumia chini ya gunia la pilipili, ndiyo tabia yako na karatasi za serikali. Ikunjue. Inasema mkuzwa wako Dallae ametimiza miaka kumi, na tarehe 12 Desemba gari litakuja kumchukua. Sikupigii simu kwa sababu simu zetu sisi wafanyakazi zinasikilizwa, na haya ya leo hayafai kusikilizwa.

Naomba usigombane na watu wa gari. Nimefanya kazi kwenye karakana ya wakuzwa miaka kumi na minne. Ni kweli niko kitengo cha nywele tu, lakini anayeshinda jikoni hakosi kunuka moshi, na mengi nimeyajua. Mkuzwa si kama sisi, Mama. Sisi tumezaliwa. Yeye amekuzwa tangini miezi saba, akatoka mtu mzima asiye na kitovu. Damu yake ni ya kijani kwa kuwa ndani yake mna shaba pale ambapo sisi tuna chuma. Ngozi yake haitoi jasho. Na chini ya kwapa la kushoto ana kokwa, kubwa kama la tunda la pichi. Hilo kokwa ndilo linalopika damu. Miaka inavyokwenda linakauka, na mwaka wa kumi linapasuka. Likipasuka, mkuzwa hafi siku hiyohiyo. Hukaa siku tatu, na siku hizo tatu sitaki uzione. Ndiyo maana sheria inataka achukuliwe mapema, alazwe usingizi, basi.

Hebu mtazame kucha. Zimegeuka rangi ya chai? Mkono unamtetemeka akishika kijiko?

Barua hii isome peke yako, ukimaliza uitie motoni. Dallae asiione hata kwa mbali. Mwache amalizie siku zake bila kujua. Na usihofu kubaki peke yako, nitakutafutia mwingine, mpya kabisa.

Mwanao,
Hwa-jeong


Yeongyang, 9 Novemba

Hwa-jeong,

Barua yako imefika na nimeisoma peke yangu kama ulivyoamuru, Mheshimiwa.

Mwingine, mpya kabisa! Ebo! Mtu ni ndoo, ikitoboka unanunua nyingine? Mwaka aliokufa baba yako ulikaa siku tatu, ukarudi Ulsan na viatu vyako vya kisigino. Aliyebaki humu akanisikiliza nikilia ni nani? Kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake, mwanangu, na wewe hiki hujakilalia hata siku moja.

Kucha zake ni nyeupe kama mchele. Mkono haumtetemeki. Wiki hii tumechachusha kabichi mia moja na ishirini za kulia majira ya baridi. Aliyezipaka pilipili zote ni yeye, maana pilipili yetu ya Yeongyang inayowatoa wanaume machozi haimwashi mikono hata kidogo. Majirani walikuja kumwazima. Niliwaambia wapange foleni. Mimi nilikaa pembeni nikipiga domo tu.

Na usinifundishe umri wake, niliyeuhesabu ni mimi. Walimleta amefungwa blanketi, amekakamaa, maana damu yao baridi ikiingia inaganda kama mafuta ya nguruwe. Nikamlaza kwenye sakafu yetu inayopashwa moto kwa chini, nikamwimbia. Siku ile nikamhesabia mwaka mmoja, ule wa tumboni. Baada ya siku tano ukaingia mwaka mpya wetu wa kufuata mwezi, nikamhesabia wa pili, kama nilivyokuhesabia wewe na kama walivyohesabiwa watu wote wa zamani wa nchi hii. Serikali ilipoleta fomu za kuandikisha wakuzwa niliijaza yake kwa mkono wangu, sikumwuliza mtu. Huu ni mwaka wake wa kumi, najua vizuri. Najua, na bado nasema haendi.

Hao watu wa gari waje. Jembe ninalo.

Mama yako,
Ma Sun-rye


Yeongyang, 10 Novemba

Dada Hwa-jeong,

Karatasi hii nimeichomeka kwenye bahasha ya Bibi bila yeye kujua. Usimwambie.

Bibi haoni. Tangu majira ya kuchipua anaona mwanga na vivuli, basi. Amenikataza kukwambia, anasema utampeleka nyumba ya wazee. Barua zake naziandika mimi akinitajia. Zako namsomea mimi. Kwa hiyo ulipoandika "Dallae asiione hata kwa mbali", Dallae alikuwa ameishika kwa mikono miwili.

Nilimsomea yote ila zile siku tatu. Hapo niliruka. Bibi akauliza, "Mbona umemeza mate?" Nikamwambia mwandiko wako ni mbaya. Ulikuwa uongo wangu wa kwanza, nao ulitoka vizuri mpaka nikajiogopa.

Tangu siku ile situlii. Nafua nguo zilizokwisha kufuliwa. Nafagia uani, majani yakianguka hata matatu natoka tena na ufagio, na Bibi ananiuliza nimekuwa kuku? Najipapasa kwapani mara ishirini kwa siku. Kokwa lipo, nalisikia, na nikilibonyeza linabonyea. Je, linatakiwa kubonyea? Sina wa kumwuliza ila wewe. Namba iliyo chini ya unyayo wangu ni 0417, kama inasaidia kitu.

Na huyo anayetulaza usingizi, ni mtu mwema?

Dallae


Ulsan, 17 Novemba

Mama,

Tulia, keti, usikilize vizuri, nina habari njema. Umekosea hesabu!

Nilishikwa na neno lako la siku tano. Kampuni iliyomkuza Dallae ilikufa zamani, lakini madaftari yake ya matangi tunayo sisi. Nilijifanya natafuta kitu kingine nikayafungua. Dallae alitoka tangini tarehe 5 Februari. Wewe siku hiyo ukampa mwaka wa tumboni. Siku tano baadaye ukampa wa mwaka mpya. Mama, alikuwa na siku tano duniani, wewe unamwita wa miaka miwili! Serikali iliacha hesabu hiyo zamani, lakini fomu haikuuliza umehesabu vipi, na wewe ukaandika kama alivyohesabu mama yako zamani. Dallae ana miaka minane. Kumi ataitimiza Februari ya mwaka ule baada ya huu ujao. Ana mwaka mzima na zaidi.

Nakala ya daftari nimeitia humu. Lakini haitoshi. Ni lazima mwenye nyumba aende ofisi ya kata mwenyewe kabla ya tarehe 12, na aape mbele ya karani kwamba mkuzwa huyu hakukaa tumboni mwa mtu, na kwamba kabla ya tangi hakuwa popote. Kisha apige muhuri wake wa jina. Ni sentensi moja tu, Mama. Kesho nenda.

Hwa-jeong

Dallae, haya usimsomee. Siku tatu ni za homa na maumivu ya mifupa, sitakuficha. Lakini kokwa linalokaribia kupasuka halibonyei, ni gumu kama jiwe. Lako bado sana. Na kuna jambo ambalo sijawahi kulisema kwa sauti. Kati ya makokwa kumi yanayotolewa hapa, sita yanabonyea kama lako. Yale laini ndiyo yanayosagwa na kutiwa kwenye matangi mapya, maana magumu hayaoti. Kwa hiyo miaka kumi si kwa ajili yenu, ni kwa ajili ya matangi. Kuhusu huyo mtu uliyeniuliza, sijui nikujibu nini. Mwenyewe anajiona mwema.


Yeongyang, 22 Novemba

Hwa-jeong,

Siendi.

Umeandika kwa furaha, "sentensi moja tu". Sentensi hiyo umeisoma lakini? Nisimame mbele ya kijana wa ofisini niseme Dallae kabla ya tangi hakuwa popote?

Ninyi mnadhani mwaka wa tumboni ni makosa ya wazee wasiojua kalenda. Haya, sikiliza, sijawahi kukwambia. Kabla yako nilizaa mwingine, wa kiume. Aliishi siku mbili. Daktari aliandika "siku mbili". Baba yako akaniuliza tuandike nini kwenye kibao cha kaburi, nikamwambia andika mwaka mmoja, maana nilikuwa naye mwaka mzima kabla hamjamwona. Alinipiga mateke, alipenda nikila mapea, alikuwa ananyamaza baba yako akiimba. Nimezika mtu wa mwaka mmoja. Anayehesabiwa mwaka wa tumboni ni yule ambaye alikuwepo, aliyekuwa anasubiriwa. Basi.

Dallae naye alisubiriwa. Nilijaza karatasi ya kumwomba, nikakaa miezi saba nikihesabu, nikamshonea godoro. Tangi lilikuwa tumbo lake, na mimi nilikuwa namsubiri nje. Nikiapa kwamba hakuwa popote, nitakuwa nimeapa na juu ya yule wa siku mbili.

Tafuta njia nyingine. Si umesoma? Hiyo shule niliyokulipia pilipili magunia kwa magunia ina kazi gani?

Mama

Dada, nimeandika kama alivyotaja, sikupunguza. Alipofika kwa yule mtoto alilia, nami sikujua niendelee kuandika au nimshike. Nilimshika, ndiyo maana wino umemwagika hapo juu. Nimejaribu kumwambia mimi huo mwaka siutaki, aurudishe tu. Amesema kitu kikishatolewa hakirudishwi, na nisimtie uchizi. D.


Ulsan, 28 Novemba

Mama,

Najua habari ya macho yako. Usimgombeze aliyeniambia, mimi ningekuwa mtoto wa maana ningejua bila kuambiwa. Dallae, msomee yote leo. Usiruke kitu.

Mama, nilikudanganya. Sipo kitengo cha nywele, sijawahi kushika hata unywele mmoja. Mimi ndiye ninayetoa makokwa. Wanaletwa wamelala, napasua chini ya kwapa, natoa, naweka kwenye sinia, nawafunika shuka. Wanne kwa siku, miaka tisa sasa. Mwanzoni nilijiambia nawaepusha na zile siku tatu, na kwa wale wenye makokwa magumu ni kweli. Kisha nikaanza kukuta yaliyo laini. Sikuuliza. Nilipewa meza nzuri zaidi, karibu na dirisha. Ukiniuliza mbona siji nyumbani, nilikuwa nasema kazi nyingi. Siji kwa sababu nikija Dallae ananivua koti na kuniwekea mto, nami macho yangu yanakwenda kwapani kwake yenyewe. Najichukia kwa hilo.

Gari la tarehe 12 linakuja moja kwa moja hapa. Wakuzwa wote wa upande wenu wanalazwa kwenye meza yangu. Nikikataa, meza ya pili ina mtu, tena ana haraka kuliko mimi. Njia nyingine hakuna, nimezitafuta zote, nimekonda.

Mwaka uliompa sasa nauelewa. Kaka yangu nimemfahamu juzi tu, na nimemlilia kwenye choo cha kazini. Lakini ukiushikilia mwaka ule wa nyuma, Mama, utamnyima huu wa mbele. Mnyang'anye ule. Mpe huu.

Dallae, uliniuliza kama mtu huyo ni mwema. Basi ndiye huyu.

Hwa-jeong


Yeongyang, 10 Desemba

Dada Hwa-jeong,

Nilimsomea yote, sikuruka. Alikuwa anamenya vitunguu saumu. Alimaliza kapu zima, akavipapasa kama bado kuna kilichobaki na ganda, kisha kwa siku tisa hakutaja jina lako wala habari ya kata. Siku tisa, Dada! Nilifagia ua mpaka yakatokeza mawe. Jana asubuhi akaniambia, "Lete koti langu zuri na ule muhuri."

Karani ni kijana mpole, alituletea na chai ya shayiri. Akamsomea maneno, akamwomba ayarudie. Bibi akasimama. Hakuombwa asimame. Akasema, "Huyu hakukaa tumboni mwa mtu. Kabla ya tangi hakuwa popote." Nilikuwa nimemshika kiwiko, nikasikia mwili wake wote ukisema hapana wakati mdomo unasema ndiyo. Kisha akapiga muhuri, na kwa kuwa haoni ukaangukia nje ya kisanduku. Karani akaomba radhi mno, akasema fomu imeharibika, na kwa kuwa ni kiapo itabidi Bibi aseme tena kwenye fomu mpya. Akasema tena. Mara ya pili nilimshika mkono nikamwelekeza muhuri mimi mwenyewe.

Nje alikaa kwenye ngazi ya ofisi akajipiga kofi mdomoni, mara tatu. Akaniuliza, "Umesikia nini mle ndani?" Nikasema, "Sijasikia kitu, Bibi, masikio yalikuwa yameziba kwa baridi." Akasema, "Vizuri." Nadhani uongo huu wa pili alijua ni uongo.

Karatasi mpya imeandikwa umri: miaka minane. Gari halitakuja. Nakushukuru, na bado nakuogopa, yote mawili kwa pamoja. Jina lako humu ndani bado halitajwi. Nilijaribu mara moja tu, akaniambia niwashe redio.

Dallae


Yeongyang, 1 Februari

Dada Hwa-jeong,

Barua yako ya mwezi uliopita ilifika. Nilimsomea kwamba umeacha kazi, kwamba umekaa kwenye chumba cha kupanga huko Ulsan hujui ushike lipi, na kwamba mwaka mpya hutakuja kwa kuwa huna uso wa kumwonyesha. Alisema tu, "Kwani mimi naona uso?" Akaendelea na kazi yake.

Jana ndiyo ilikuwa siku yenyewe, safari hii mwezi umeandama mapema. Alinifukuza jikoni akapika mwenyewe kwa kupapasa, supu ya mkate wa mchele. Unajua wazee wa hapa wanavyosema, asiyeila asubuhi ya mwaka mpya hajaongeza mwaka. Kila mwaka akishamwekea marehemu Babu bakuli lake, linalofuata huwa langu. Jana alimwekea Babu, kisha akafunika sufuria. Nikakaa nikisubiri. Niliumia, Dada, sikufichi. Nilidhani tangu ile siku ya ofisini ananihesabu kama karani alivyoandika. Mwisho nikashindwa kuvumilia nikauliza, "Bibi, na mimi je?"

Akanigeukia kwa ukali. "Wewe ukila utaongeza mwaka. Nani amekutuma uongeze mwaka? Kaa hivyohivyo ulivyo."

Nikasema, "Basi kula wewe."

"Nikiongeza mimi nitakufa, nikuache na nani? Nami sili. Leo nyumbani humu hazeeki mtu."

Basi tukakaa, mimi huku na yeye kule, tunanusa supu mpaka saa saba mchana. Tumbo lake likinguruma ananiambia ni paka. Hatuna paka. Tulicheka mpaka akanishika bega asianguke, na huku anacheka akanipapasa kwapani juu ya nguo, haraka haraka, kama anayetafuta kitu kilichodondoka. Akabonyeza. Akashusha pumzi.

Kisha akafunua sufuria, akajaza bakuli mpaka ukingoni, akapanga mayai juu, akaenda kuliweka pale unapokaaga wewe. Akasema, "Huyo wa Ulsan ndiye ale. Ale hata matatu. Aongeze miaka, huenda akaongeza na akili. Mwandikie."

Ndiyo nakuandikia. Nimelifunika sahani nikaliweka barazani kwenye baridi. Njoo kabla halijachacha.

Dallae